Chupa zimepasuka usiku, bido inanuka siki: nimwage yote?

Ndugu mumoja wa Katuba, hapa L'shi (Lubumbashi), ameniandikia, nafupisha maneno yake: "Yaya, jambo. Mwezi wa kumi nilipika lita 20 za bia, malti (nafaka yenye kuoteshwa kisha kukaushwa) ilitoka Afrika Kusini. Termometa ilikuwa inasema 66 saa nzima, iode (dawa ya kupima wanga) haikugeuka bluu, densite (uzito wa bia mbele ya maji, sukari ikiliwa unashuka) ya kuanza 1.048. Siku ya nane ikafika 1.022 ikagoma, nikaongeza levire (hamira) ya mkate, wapi. Nikatia sukari gramu 8 kwa lita, nikajaza chupa 20 kubwa, kisha mashini ya kufungia vifuniko ikavunjika mukono, lita 5 zikabaki mu bido (jerikani), na robine yake (bomba ya kufungulia) ilikuwa inadondosha tangu mwanzo. Wiki ya tatu chupa tatu zikapasuka usiku, watoto wakalia. Mu bido kuko ngozi nyeupe na harufu ya siki. Nimwage yote? Inaweza kutuua? Umeme nao ulikatika kila siku, frigo ilikuwa bure. PS: termometa niliijaribu mu maji yenye kuchemka, ilisema 90, nikaona ni sawa juu L'shi iko juu."

Mudogo wangu, pole sana, na watoto pole. Nitajibu yote lakini si kwa mpango wako, juu kuko kitu kimoja cha haraka na vingine vyote vinaweza kungoja hata wiki.

Cha haraka ni zile chupa 17. Zisiguswe na mukono mutupu. Zilijazwa siku moja na zile tatu, toka bido moja, kwa hiyo nazo ziko mu njia ile ile, na joto la chini ya bati linazisukuma. Chukua blanketi nzito, ilowanishe, funika kazie yote bila kuisogeza, funga mlango, watoto wacheze kwa jirani. Kesho alfajiri wakati kungali baridi vaa jaketi ya mikono mirefu, glavu za kazi, na miwani, hakuna kartye ya L'shi isiyokuwa na fundi wa kukata chuma, mwombe ile miwani yake nyeupe (si ile nyeusi ya kuchomea, hutaona hata chupa yenyewe). Toa chupa moja moja, ifunge na kitambaa kinene, iweke mu beseni, inua kifuniko upande mumoja kidogo sana mpaka usikie fsss, acha, ngoja, inua tena. Bia itaruka mpaka ukutani, usihurumie povu. Kama siku hiyo umeme uko, zilaze kwanza mu frigo kutwa nzima, baridi inafanya gesi itulie ndani ya bia, lakini si kongelateri, chupa ikiganda inapasuka yenyewe. Na mutu asikuambie "tikisa uone kama iko na nguvu". Nimeona kovu la mwenye alitikisa.

Ya kwanza utakayofungua, weka glasi moja pembeni, utaihitaji kwa kupima. Nitarudi hapo.

Sasa swali lako la kuua. Hapana. Bia yenye hubloni (lile ua chungu la kutia mu bia), yenye alkoli, yenye uchachu wa kawaida, vile vijidudu vyenye kuugonjesha mutu havikai mule, vyenye kukaa ni vile vyenye kuharibu ladha tu. Siki si sumu. Ngozi nyeupe kavu yenye kukunjamana kama karatasi si sumu. Kitu ninachomwaga bila kufikiri mara mbili ni manyoya, ile kuvu yenye nywele za kijani ao nyeusi, na bido yenye imeingia panya ao mafuta ya taa. Tena usifanye hesabu ya bia kwa munkoyo, kile kinywaji cha uji wa mahindi na mizizi, munkoyo alkoli yake ni kidogo sana na hauna hubloni ya kuulinda, huo ukinuka vibaya mwaga tu.

Kuko watu watakuambia "peleka kwa mama mwenye kupika lutuku, atakugeuzia", maana ile pombe kali ya mvuke. Kataa. Ile mitambo ya mafuti na mabomba ya kuunga-unga, mara radiateri ya gari ndani yake, inatoa risasi ya kuchomelea (plomb, madini yenye sumu) ndani ya pombe, na bia mbaya ikipikwa haigeuki nzuri, inakuwa mbaya yenye nguvu.

Basi tuingie mu chanzo. Barua yako yote nilisoma nikifikiri levire, levire, mpaka PS. Ule mstari wa mwisho wenye uliandika kama kitu kidogo, njo jibu lenyewe.

Ni kweli L'shi iko juu na maji yetu hayafiki 100. Lakini tuko mita 1200 na kitu, si juu ya Kilimanjaro, maji hapa yanachemka karibu na 96. Termometa yako ikasema 90. Inadanganya kwa digri 6, na inadanganya kwenda chini, maana yake ilipokuambia 66 malti yako ilikuwa inakaa mu 72 hivi. Saa nzima.

Digri 6 ni kitu gani? Uliza mama yeyote mwenye kupika munkoyo. Anapika uji wa mahindi, halafu hatii ile mizizi papo hapo, anangoja uji upoe, juu mizizi ikiingia mu uji wenye kuchemka inakufa na uji unabaki uji, hauwi mwepesi wala hauwi mtamu. Ndani ya mizizi kuko vimeng'enya vyenye kukata wanga kuwa sukari, na malti yako iko na vya namna ile ile, na ndani ya malti viko vya aina mbili. Kimoja, beta-amilase, kinapenda 60 mpaka 65, njo chenye kutoa sukari ndogo ndogo yenye levire inaweza kula. Kingine, alfa-amilase, kinavumilia moto zaidi, kinakata wanga vipande vikubwa. Kwa 72 yule wa kwanza anakufa mu dakika chache na yule wa pili anabaki kazini peke yake. Wanga unaisha kabisa, njo maana iode haikugeuka bluu, na hapo njo watu wengi wanapotegwa: iode inakuambia wanga umeisha, haikuambii umegeuka kitu gani. Wako uligeuka dekstrini, vipande vikubwa vyenye levire haina meno ya kuvitafuna. Levire ya mkate nayo haina, ni ndugu wa yule yule wa bia, ungetia kilo nzima ingebaki 1.022.

Kwa hiyo bia yako haikugoma. Ilimaliza kula chakula chake, kilichobaki mezani hakikuwa chake. Toka 1.048 mpaka 1.022 alkoli ni 3.4 hivi kwa mia, mahali pa karibu 5 yenye ulikuwa unatafuta. Bia nzito kidogo, tamu kidogo. Ungeinywa siku ile ungesema mbona si mbaya.

Lakini ungekuwa na hiyo tu, chupa zisingepasuka. Nimefanya hesabu yako ya sukari: gramu 4 kwa lita zinatoa gesi kama lita moja kwa kila lita ya bia, gramu 8 zinatoa mbili, na ndani ya bia yenye imemaliza mu joto la kwetu kunabaki karibu 0.8 tayari. Jumla 2.8. Ni nyingi, mimi ningetia gramu 6, lakini chupa nzuri ya bia inavumilia mpaka 3 hivi. Basi kuko mutu wa pili, amekuja baadaye akakuta chakula mezani na mlango wazi, na mlango ni ile robine.

Robine yenye kudondosha si kwamba inapoteza matone tu. Lile tone linakauka mu mdomo wa robine, ni tamu, liko na joto, hewa inapita, nzi wadogo wa ndizi wanatua pale na miguu yao, na ndani ya wiki mule kuko kijiji kizima cha levire za pori. Kati ya hizo kuko zenye meno, zinakula dekstrini, polepole sana, wiki na wiki. Wewe ulipofungua robine ili ujaze, kila chupa ilipita kwanza mu kile kijiji. Na ukipanga vidole uone: kila densite ikishuka 0.002 ndani ya chupa yenye kufungwa, gesi inaongezeka kama volume moja, maana lita moja ya gesi kwa kila lita ya bia. Huyo mgeni wako angali na 0.010 na zaidi ya kula. Hiyo ni volume 5 juu ya zile 2.8 zenye zilikuwa tayari. Hakuna chupa ya bia ya Simba ya kubeba hiyo, ni kazi ya chupa ya shampanye, na hata hiyo ingelalamika.

Sasa rudi kwa ile glasi. Itikise, imwage toka glasi moja kwenda ingine mara kumi mpaka gesi iishe, ingoje ifike 20, pima. Ukipata 1.016, 1.015, ni hivyo nilivyosema, na hizo chupa zitaendelea, kwa hiyo kutoa gesi mara moja na kuzifunga tena haitasaidia: kunywa zile zenye ladha inakubalika, siku ile ile, zingine mwaga. Ukipata 1.022 ile ile, basi nimekosea, na ningeangalia kama sukari uliikoroga vizuri ama ulitia mu bido ikalala chini, chupa za kwanza zikabeba yote. Hiyo nayo inatokea sana.

Lakini kabla ya kuniandikia namba, pima densimeta yenyewe (kile kifaa cha kupima densite) kwanza mu maji safi ya digri 20. Iseme 1.000. Nakuambia hii juu mimi mwenyewe nilikaa msimu muzima nalaumu levire, nikabadilisha paketi baada ya paketi, nikagombana na mwenye kuniletea toka Kasumbalesa, kule mpakani, nikimwambia ameziacha mu jua juu ya kamyo, kumbe densimeta iligongwa siku moja mu sinki na ile karatasi ndogo ya namba ndani ya kioo imetelemka. Ilikuwa inasema 1.008 mu maji matupu. Bia zangu zote zilikuwa sawa. Yule mutu wa Kasumbalesa mpaka leo ananiita "Bwana Jua".

Termometa nayo usiitupe mara moja. Iko na vituo vitatu vya kuijaribu bila kununua kitu: barafu ya kusagwa yenye maji, iseme 0, maji yenye kuchemka, iseme 96, na katikati, chukua termometa ya homa ya farmasi, tia zote mbili mu maji ya vuguvugu yenye 38 ao 39, zikubaliane. Ule wa katikati ndio wa maana kuliko barafu, juu kifaa kinaweza kudanganya digri 6 huku juu na digri 2 tu huku chini. Kama uongo wake ni ule ule kila mahali, bandika plasta juu yake uandike "ongeza 6" na maisha yaendelee. Kama leo ni 6 na kesho ni 3, hiyo imekufa, wape watoto.

Na siku nyingine ukigundua mu dakika kumi za kwanza kwamba umepitisha moto, usisimame kushangaa, kila dakika beta-amilase inakufa. Maji ya baridi mara moja, koroga, shuka mpaka 64. Mimi naacha kila mara gramu mia mbili tatu za malti ya kusagwa pembeni, haiingii mpaka nione joto limetulia, hiyo inaleta vimeng'enya vipya kama wa kwanza wamekufa. Kupikia juu ya mbabula kunahitaji hiyo zaidi, makala hayana kifungo cha kupunguza, ukiondoa sufuria bado chini yake kunaendelea kupanda. Na ikishika chini ikaungua, usikwangue! Mimina yenye iko juu mu sufuria ingine taratibu. Harufu ya kuungua ikishaingia haitoki hata ungoje mwaka.

Zile lita 5 mu bido. Siki imetoka wapi? Ulipotoa lita 15 za bia, lita 15 za hewa ziliingia kuchukua nafasi, na bakteria ya siki haifanyi kitu bila hewa. Njo maana ndani ya chupa zako siki itakuwa kidogo ao hakuna, na mu bido iko kibao. Hiyo bia haitarudi. Unaweza kuifunika na kitambaa kisafi, ngozi ibaki juu, uiache mwezi ao miwili imalize kuwa siki kabisa. Nimeshafanya. Nilimpa bibi yangu kwa kutia mu saladi na pilipili, akaonja, akauliza kama nimekasirika naye, juu hubloni inabaki chungu. Sasa hivi tunasafishia sinki. Uamue mwenyewe, ila ikae mbali sana na mahali unapopikia, nyumba ingine kama iko.

Bido hiyo, kama ni ile ya njano ya mafuta yenye umeshaikwangua na brosi ya chuma, iage, iwe ya kuchota maji. Mikwaruzo njo nyumba za hao wageni. Kama ndani ni laini, sabuni, maji ya moto, kisha javeli (ile dawa ya klori ya kung'arisha nguo) vijiko viwili mu lita kumi za maji ya baridi, nusu saa, kisha suuza na maji yenye yamechemshwa, suuza tena, suuza mpaka pua isisikie kitu. Javeli ikibaki inashikana na vitu vya malti, inatoa ladha ya plasta ya hospitali, na inatosha kidogo sana. 2016 nilimwaga lita 40 hivyo, za ubatizo, wageni wako njiani. Kwa maji ya robine yenye harufu ya klori, yalaze usiku mu beseni wazi ao yachemshe mbele, ni shida ile ile.

Robine yenyewe: ifungue yote, utashangaa kuna nini ndani. Ule mpira wake tupa, mpya ni bei ya andazi. Lakini kama unataka mawazo yangu, ziba kile kitundu moja kwa moja na utumie tuyo (mpira mrefu wa kupitishia maji), bido isiyo na robine haidondoshi. Jaza tuyo na maji ya kuchemsha yenye yamepoa, ziba mwisho na kidole, zamisha, achilia. Usivute na mdomo, mdomo wetu ni kijiji kingine.

Mashini ya vifuniko ikivunjika katikati ya kazi, mahali pa kuacha lita 5 na hewa, kimbilia chupa za plastiki za soda, zile za vifuniko vya kuzungusha. Watu wanazidharau na sielewi juu ya nini. Zinabeba presha sana, na unaibonyeza na kidole unajua: ikiwa ngumu kama jiwe, fungua kidogo. Hata kwa kazi nzuri mimi najaza moja ya plastiki kila mara, niweke pamoja na za kioo, njo inayonipa habari za wengine. Ungekuwa nayo usiku ule, ungejua siku kumi mbele. Iweke mu giza tu, jua linaiharibu bia.

Frigo sitasema mengi. Mwezi wa kumi hapa joto linapita 30, na bia yenye kuchacha inajiongezea digri zake yenyewe, levire nyingi za ale (bia yenye kuchacha mu joto) zinataka 18 mpaka 22, ukipita 27 inatoa ule ukali wa dawa ya kuyeyushia rangi ya ukuta na kichwa cha asubuhi. Ukitegemea umeme, siku mbili za kukatika zinatosha kukuharibia. Beseni kubwa, bido ndani, maji mpaka nusu, shuka ya pamba imevaa bido na ncha zake zimezama mu maji, dirisha wazi upepo upite. Kabla ya mvua kuanza hewa yetu ni kavu, shuka inashusha digri tano bila kulipa kitu. Mvua ikianza kazi yake inapungua, hapo utatia chupa za barafu asubuhi na jioni. Ao fanya kama mimi, mwezi wa kumi sipiki. Napika mwezi wa sita na wa saba, usiku uko baridi mpaka unatafuta levire uifunike blanketi.

Zile chupa sasa. Na ukipata namba ya ile glasi, niandikie, pamoja na ile ya densimeta mu maji matupu.